"Leo Ametulia": Kuweweseka Kusikosikika kwa Wagonjwa Mahututi

Usiku wa pili baada ya upasuaji, mjomba alianza kumwita nahodha. Alikuwa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, utumbo uliojisokota umeshashughulikiwa, na mlio wa monita juu ya kichwa chake aliusikia kama injini ya boti. Ujana wake aliumaliza kwenye boti za Mikindani kabla hajarudi Newala kulima korosho, kwa hiyo alijua la kufanya: kushuka kabla boti haijaondoka. Akachomoa dripu. Akaukamata mpira wa mkojo akidhani ni kamba ya nanga. Masista wawili walishindana naye mpaka akachomwa diazepamu, dawa ya kutuliza.

Asubuhi nilimkuta amelala chali, macho nusu wazi, mkono mmoja umefungwa kwa bandeji kwenye chuma cha kitanda.

"Shikamoo mjomba."

Kimya kirefu. "Marahaba."

Hakusema neno jingine mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Ukutani mkabala naye kulikuwa na saa iliyosimama kwenye saa nane na dakika kumi. Nikatoka nje, nikampigia mama simu, nikamwambia asiwe na wasiwasi: leo ametulia.

Mimi ni muuguzi. Nimekesha wodini huku kusini miaka mingi, na maneno hayo niliyasema kwa moyo mweupe. Hospitali siitaji, kwa sababu kosa lilikuwa langu kama lilivyokuwa la wengine wote waliopita kando ya kitanda kile. Mjomba hakuwa ametulia. Alikuwa amezidiwa kuliko usiku uliotangulia, ila sasa hasumbui mtu.

Kiswahili kina neno lake kwa hali hii, kuweweseka. Madaktari wanaiita deliriamu, kutoka Kilatini, na asili yake ni ya shambani: kutoka nje ya mstari wa tuta, kama ng'ombe wa plau aliyepotoka. Napenda picha hiyo kuliko neno letu, maana neno letu lina sauti ndani yake. Anayeweweseka lazima asikike, aropoke, aite wafu. Sasa tazama walichokikuta watafiti wa Marekani waliochapisha matokeo yao mwaka 2006, baada ya kuwafuatilia wagonjwa 614 wa ICU: kati ya waliopata deliriamu, wenye fujo tupu walikuwa asilimia 1.6. Waliokuwa kimya moja kwa moja walikuwa asilimia 43.5. Waliobaki walibadilika, saa hii fujo, saa ile kimya, kama mjomba. Anayesubiri kelele ndipo ajue kuna tatizo atawapita wagonjwa karibu nusu bila kuwaona.

Kinachopotea ni umakini

Watu wengi hudhani mgonjwa wa namna hii amepoteza kumbukumbu, au amepata wazimu. Si hivyo. Kinachoharibika kwanza ni umakini, ule uwezo wa kulishika jambo moja na kulifuata mpaka mwisho. Unamuuliza swali, analisikia, anaanza kulijibu, njiani linamponyoka. Ndiyo maana "marahaba" ya mjomba ilichelewa vile. Neno lenyewe amelitamka tangu utotoni, halihitaji akili, hata mtu aliye mbali sana atalitoa. Ningemuuliza jambo la pili ningejua.

Kuna alama mbili zinazoitenganisha deliriamu na ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Inakuja ghafla, kwa saa au siku chache. Halafu inapanda na kushuka ndani ya siku moja: asubuhi anakuuliza kama mikorosho imepuliziwa salfa, jioni hajui wewe ni nani. Mzee ambaye amekuwa akisahau kidogo kidogo kwa miaka mitatu ana jambo jingine, ingawa mzee huyohuyo akilazwa ICU ndiye wa kwanza kuingiwa na deliriamu juu ya usahaulifu wake.

Kwa nini ubongo? Kwa uzito ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yote, na hauna ghala la kuweka akiba. Oksijeni ikipungua, sukari ikishuka, presha ikianguka, wenyewe ndio wa kwanza kulalamika. Zaidi ya hapo, mwili unapopigana na maambukizi makali damu hujaa kemikali za vita hivyo, na ukuta unaoulinda ubongo usiguswe na kila kinachopita kwenye damu huanza kuvuja. Kemikali ambazo seli za ubongo hutumia kupeana habari zinayumba, asetilikolini inapungua, dopamini inazidi. Figo ikishindwa kazi mkojo unapungua. Ubongo ukishindwa kazi, mtu anapanda boti isiyokuwapo, au anatazama dari.

Visababishi ni vingi na huja kwa makundi, lakini kwa mikoa yetu ningeanza na sukari. Malaria kali huishusha, na kwinini, iliyokuwa dawa yetu kuu ya sindano kabla ya atesuneti, huishusha zaidi. Kipimo chake ni tone moja la damu na dakika moja, na hakuna aibu kubwa kwa muuguzi kuliko kumfunga mikono mtu ambaye alihitaji dekstrozi, yaani dripu ya sukari. Halafu kuna vitu vidogo ambavyo hakuna anayevifikiria: mpira wa mkojo ulioziba na kibofu kimejaa, choo ambacho hakijatoka siku tano, maumivu ya kidonda ambayo mgonjwa hawezi kuyaeleza kwa sababu ana mpira kooni.

Viko viwili ambavyo Mtwara na Lindi tunavifahamu kuliko sehemu nyingine. Cha kwanza ni sumu ya dawa za wadudu. Zile za jamii ya organofosfeti huleta mgonjwa anayetokwa mate, jasho na machozi, mapafu yamejaa majimaji, na dawa ya kumwokoa ni atropini, wakati mwingine kwa dozi kubwa sana. Atropini ikizidi, mgonjwa uliyemwokoa anaanza kuweweseka kwa dawa yenyewe: ngozi kavu na ya moto, mboni zimepanuka, mikono inachuma mbaazi hewani. Ukimwona anachuma hivyo, usikimbilie kusema sumu imerudi. Tazama ngozi kwanza.

Cha pili ni pombe, hasa msimu wa mabibo. Mtu amekunywa uraka na gongo kila siku kwa miaka, anaanguka na bodaboda, anavunjika paja, analazwa. Siku ya kwanza ni mzima. Siku ya pili au ya tatu anatetemeka, anatoka jasho, anafukuza wadudu kitandani. Ndugu wanasema ni kichwa, aligonga kichwa. Inawezekana, na lazima kichwa kiangaliwe. Lakini mara nyingi ni mwili ulionyimwa pombe ghafla, na hali hiyo huweza kuua. Huyu anahitaji diazepamu na vitamini B1. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele nitaisema vibaya diazepamu, na sitaki mtu asome nusu akaenda nayo wodini.

Samaki wapo baharini?

Mwaka 2001 timu ya daktari Wesley Ely wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville, ilichapisha kipimo cha kando ya kitanda kinachojulikana kwa kifupi kama CAM-ICU. Uzuri wake ni kwamba mgonjwa halazimiki kuongea, kwa hiyo hata aliye kwenye mashine ya kupumulia anapimwa. Kwanza unatazama yuko macho kiasi gani, kwa kipimo kinachoanzia hasi 5, asiyeamka kwa lolote, hadi chanya 4, mwenye kupigana. Aliye hasi 4 au hasi 5 unamwacha, unarudi baadaye. Wengine unawauliza mambo manne: je, amebadilika ghafla au anabadilika-badilika? Je, umakini upo? Je, uamkaji wake ni wa kawaida? Je, mawazo yake yana mpangilio? La kwanza na la pili yakiwa na kasoro, pamoja na lolote kati ya mawili yaliyobaki, hiyo ni deliriamu. Mwenye mazoea anamaliza kwa dakika moja au mbili.

Umakini hupimwa hivi: unamshika mgonjwa mkono, unamsomea herufi kumi polepole, S-A-V-E-A-H-A-A-R-T, na kila akisikia A akubane. Akikosea zaidi ya mara mbili, umakini haupo. Rahisi, mpaka ujaribu kwa mzee wa Nanyamba. A utaisoma "a" au "ei"? Sista aliyesoma vitabu vya Kiingereza atasema "ei", mzee aliyejifunza kusoma kwenye elimu ya watu wazima anaisubiri "a", na aliyesoma chuo cha Kurani tangu utoto anaijua alifu. Hapo umepima shule, hujapima ubongo. Mimi siku hizi nakubaliana na mgonjwa kabla: "Mzee, ukinisikia nimesema a, a ya asali, nibane mkono." Halafu nazisoma zote kwa Kiswahili.

Yapo pia maswali ya ndiyo na hapana ya kupima mpangilio wa mawazo. Je, jiwe linaelea majini? Je, samaki wapo baharini? Je, kilo moja ni nzito kuliko kilo mbili? Je, nyundo inaweza kupigilia msumari? Muulize la samaki mvuvi wa Msangamkuu wakati wa kusi, naye akikujibu "siku hizi hawapo," usiandike kwenye chati kwamba amechanganyikiwa. Na mama mwenye jiwe lile jepesi la kusugulia miguu anajua mawe mengine huelea.

Jambo hili si dogo kama linavyochekesha. Kipimo kilichozaliwa sehemu moja kinavuka bahari na mizigo yake. Watafiti waliofanya kazi na wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walilikuta walipotaka kupima usahaulifu wa uzeeni, wakatengeneza kipimo ambacho ndani yake mzee hapewi kalamu, anapewa njiti za kiberiti apange umbo. Ili kupima umakini, madaktari wengi wanapenda kumwambia mgonjwa ataje miezi kinyumenyume. Kwa Kiingereza hiyo ni kazi ya kweli. Kwetu tunaosema mwezi wa kumi na mbili, mwezi wa kumi na moja, umemwambia tu ahesabu kurudi nyuma. Siku za wiki ni hivyohivyo, namba zimo ndani ya Jumatano, Jumanne na Jumatatu. Ugumu unabaki kwenye Ijumaa na Alhamisi.

Tena kuna lugha yenyewe. Mjomba alipoweweseka alirudi Kimakonde. Sista aliyekuwa zamu alitoka kanda ya ziwa, akaandika kwamba mgonjwa anaongea maneno yasiyoeleweka. Mengine yalieleweka vizuri sana. Alikuwa anaomba maji.

Kutabiri

Je, tungeweza kujua kabla? Kwa kiasi, ndiyo. Mwaka 2012 Mark van den Boogaard na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha kikokotoo kiitwacho PRE-DELIRIC, kilichojengwa na kujaribiwa kwa wagonjwa 3056 wa ICU tano. Baada ya saa 24 za kulazwa unaingiza mambo kumi, yakiwemo umri, kupoteza fahamu, maambukizi, asidi ya damu, dawa za usingizi, morfini na kiwango cha urea, ule uchafu wa damu unaotolewa na figo, nacho kinakupa asilimia ya hatari.

Kinafanya kazi vizuri kiasi gani? Chukua wagonjwa wawili, mmoja aliyekuja kupata deliriamu na mwingine ambaye hakupata. Kikokotoo kikibahatisha tu, kitampa wa kwanza alama kubwa nusu ya mara, yaani 0.5, sawa na kurusha shilingi. PRE-DELIRIC ilipata 0.87. Madaktari na wauguzi walipoombwa kukisia kwa macho yao walipata 0.59. Sisi wenye uzoefu, kidogo tu kuliko shilingi. Namba hiyo iliniuma nilipoisoma, halafu nikakumbuka simu niliyompigia mama.

Kwa ICU zetu, nyingi zikiwa zimejengwa au kupanuliwa baada ya UVIKO-19, tatizo la kikokotoo hicho ni vipimo vinavyodaiwa. Kinataka alama za ukali wa ugonjwa na vipimo vya gesi za damu, mashine ambayo hata ikiwepo leo inakosa kitendanishi na kesho inamsubiri fundi. Kundi hilohilo lilitoa mwaka 2015 toleo jepesi, E-PRE-DELIRIC, kutokana na ICU 13 za nchi saba. Hili linatumika mara mgonjwa anapoingia mlangoni. Linauliza mambo tisa: umri, historia ya usahaulifu, historia ya ulevi, urea ya damu, aina ya ugonjwa, kama ni dharura, wastani wa presha, kama anatumia steroidi, na kama anashindwa kupumua. Kutoka maabara unahitaji urea peke yake. Usahihi unashuka, karibu 0.75, lakini bado umetuacha mbali sisi wakisiaji.

Nilimpitisha mjomba kwenye maswali hayo baadaye, kama mtu anayehesabu fedha zilizokwisha ibiwa. Umri zaidi ya sabini. Dharura. Upasuaji. Urea juu, maana alitapika siku mbili nyumbani wakisubiri tumbo litulie lenyewe. Alinyweshwa chai ya tangawizi, akashushwa kutoka uwanda wa Makonde kiti cha nyuma cha gari la jirani. Tangu anaingia mlangoni alikuwa wa kuangaliwa.

Nisiuze kikokotoo kuliko thamani yake. Kilijengwa kwa wagonjwa wa nchi ambazo ICU imejaa wazee. Zetu zimejaa vijana wa bodaboda, kina mama waliotoka damu kwenye uzazi, malaria, na wenye VVU waliochelewa. Asilimia kinayoitoa Uholanzi huenda isiwe asilimia ya hapa, na mpaka kijaribiwe kwetu ningekitumia kama orodha ya kukumbusha, siyo kama mizani. Na hata mizani ikiwa sahihi haimzuii mtu kuugua. Kazi inaanza baada ya namba.

Kuzuia

Kama kungekuwa na sindano ya kuzuia, makala hii ingekuwa fupi. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, ilijaribiwa kwa wagonjwa 1789 wa Uholanzi waliokuwa hatarini, wakapewa kabla deliriamu haijaanza. Matokeo ya mwaka 2018: waliopewa dawa hawakuishi zaidi ya wasiopewa, na deliriamu haikupungua. Mwaka huohuo utafiti wa Marekani uliwapa haloperidoli, ziprasidoni au maji matupu wagonjwa 566 waliokwisha anza kuweweseka, na siku za kuweweseka zilikuwa zilezile. Haloperidoli bado ina kazi yake pale mgonjwa anapohatarisha maisha yake au anapoteswa na hofu ya anachokiona, lakini haimrudishi kwenye tuta.

Dawa tunayoweza kuifanyia kitu ni ile tunayoitoa wenyewe. Diazepamu, midazolamu, lorazepamu: jamii hii huituliza wodi na kuuvuruga ubongo. Tangu mwaka 2006 utafiti umeonyesha kwamba lorazepamu humwongezea mgonjwa wa ICU uwezekano wa kuamka akiwa na deliriamu, na miongozo ya kimataifa ya mwaka 2018 ilishauri wagonjwa wa mashine ya kupumulia wapewe propofoli au deksmedetomidini badala yake. Ushauri mzuri, kwa mwenye dawa hizo kwenye kabati. Kabati la hospitali ya mkoani mara nyingi lina diazepamu na ketamini. Basi iliyobaki ni kutoa kidogo, kutibu maumivu kwanza maana wengi wanahangaika kwa maumivu, na kila asubuhi kupunguza dawa uone mgonjwa anaamkaje. Mjomba alichomwa usiku ule kwa sababu zamu ilikuwa na sista wawili na wagonjwa sita. Siwalaumu. Nasema tu kwamba utulivu wa asubuhi, ule niliousifia kwenye simu, ulitoka kwenye bomba la sindano.

Baada ya hapo yanakuja mambo ambayo hayaonekani kama tiba. Kumwinua. Mwaka 2009 watafiti wa Chicago na Iowa waliwachukua wagonjwa 104 wa mashine za kupumulia, nusu yao wakafanyishwa mazoezi mapema, kukaa, kusimama, hata kutembea, wakati dawa za usingizi zimesimamishwa kwa muda. Siku za deliriamu zilikuwa mbili kwao, nne kwa wenzao. Mpira wa mkojo usiohitajika unatolewa, maana ni kamba kama kamba nyingine. Kumfunga mikono kunaongeza hangaiko, na mara nyingi anachokwangua mgonjwa ni pale panapomuuma.

Miwani. Sijui kwa nini miwani hubaki nyumbani ndani ya kabati, imefungwa kwenye kitambaa, kana kwamba mgonjwa anaenda kufa na hahitaji tena kuona. Ileteni. Na meno ya bandia kama anayo, na kifaa cha sikio. Mtu asiyeona vizuri, asiyesikia vizuri, chini ya taa isiyozimwa, atajaza nafasi kwa picha zake mwenyewe.

Usingizi ni sura ngumu zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kelele za usiku wodini zisizidi desibeli 30, ambayo ni kama mnong'ono. ICU haifiki huko popote duniani: kengele za monita, chuma cha kitanda, simu ya mtu yenye mlio wa singeli. Lakini taa inaweza kupunguzwa saa nne usiku. Dawa na vipimo vinaweza kupangwa pamoja ili mgonjwa asiamshwe saa sita, saa nane na saa kumi. Mchana dirisha lifunguliwe, jua letu halina bei. Na aambiwe. Kila anayemkaribia amwambie: mzee, leo ni Jumatano asubuhi, upo hospitali, ulifanyiwa upasuaji wa tumbo, mimi ni sista fulani, nakuja kukugeuza. Mara kumi kwa siku ikibidi.

Hapa ndipo ndugu wanapoingia, na nilitamani sana kuandika kwamba ndugu ndio dawa. Brazili walilipima jambo hilo kwenye ICU 36. Upande mmoja ndugu waliruhusiwa kukaa hadi saa 12 kwa siku, upande mwingine walibaki na muda mfupi wa kawaida. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2019: deliriamu asilimia 18.9 dhidi ya 20.1, tofauti ndogo isiyo na maana kitakwimu. Ndugu wenyewe walipungukiwa wasiwasi, na hilo si haba, ila mgonjwa hakukingwa kwa uwepo wao tu. Mimi nalisoma hivi: kukaa kando ya kitanda ukitazama simu hakumsaidii mtu. Ndugu anayejua la kufanya, anayevalisha miwani, anayemsemesha Kimakonde, anayesaidia kumkalisha, anayekataza wageni kumi kumzonga kwa wakati mmoja, huyo sijaona kipimo kilichompima peke yake.

Na kuna kazi moja ambayo hospitali haiwezi bila yeye. Lile swali la kwanza la CAM-ICU, je, amebadilika, jibu lake analo aliyemjua jana. Sisi tunamwona mzee kimya. Binti yake anajua kwamba baba hajawahi kukaa kimya dakika tano maishani. Wanaokaa kwenye mkeka nje ya wodi na vyombo vya uji mara nyingi wana habari hiyo, na hakuna aliyewauliza. Msisubiri kuulizwa. Semeni: "Sista, huyu si yeye."

Wengine mkekani watasema ni jini, au mtu amemchezea, na atatafutwa shehe au mchungaji. Nimelelewa pwani, sitamcheka mtu. Dua inasomwa na sukari inapimwa saa hiyohiyo, havigombani. Ninachoomba ni kimoja: kombe, maji ya baraka, asali, chochote cha kunywa, kisipite mdomoni bila kumuuliza sista. Mgonjwa mwenye deliriamu humeza vibaya, na kinachokusudiwa tumboni huingia mapafuni.

Kuhusu baada ya hapo, kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 uliowafuatilia wagonjwa 821. Asilimia 74 walipata deliriamu wakiwa hospitali. Miezi mitatu baada ya kutoka, wanne kati ya kila kumi waliopimwa walikuwa na akili inayofanya kazi kama ya mtu aliyeumia kichwa kwa kiasi cha kati, na kadiri deliriamu ilivyokuwa ndefu ndivyo hali ilivyokuwa mbaya hata mwaka ulipotimia. Ndiyo sababu nakasirika deliriamu inapoitwa kero ya zamu ya usiku. Mjomba alirudi Newala akitembea. Msimu wa mnada ulipofika alikaa na karatasi yake ya chama cha msingi mchana mzima, akijumlisha kilo ambazo zamani alizijumlisha kichwani akiwa anavuta sigara. Alinipa nimsomee. Sasa hivi anajumlisha tena, polepole.

Aliyeligundua siku ile hakuwa mimi, alikuwa daktari kijana wa mafunzo kwa vitendo. Alimshika mjomba mkono, akasoma herufi zake kumi, mjomba akabana mara moja tu, mwishoni, kwenye T. Akaagiza diazepamu isimame, mkono ufunguliwe, mpira wa mkojo utoke, damu irudiwe. Sodiamu, chumvi ya damu, ilikuwa chini. Mama alipanda gari la asubuhi kutoka Newala na miwani ndani ya mkoba.

Ilichukua siku nne. Ya tatu aliponiona aliniita jina langu, akauliza mbona huku ni usiku siku zote. Nikamwambia, mjomba, ni saa tano asubuhi. Akanyoosha kidole ukutani. Saa nane na dakika kumi.

Nilivuka barabara mpaka dukani nikanunua betri. Kiti cha kupandia aliniletea sista yuleyule wa kanda ya ziwa.